Mtupa Jongoo na Mti Wake

Wahenga walisema kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake. Twaitumia methali hii kumhimiza mtu aachane na baya pamoja na kila kilichoambatana nalo. Lakini methali imenyamaza juu ya jambo moja: jirani akiuokota ule mti, akatambua kuwa ni mpingo, je, amwambie aliyeutupa?

Swali hili si la mzaha katika miteremko ya Kilimanjaro. Huko aghalabu kihamba hutengwa na kihamba si kwa ukuta bali kwa safu ya masale, mmea ule ule ambao Mchagga aliyekosa humpelekea jani lake mwenziwe akiomba radhi. Kitu kikitupwa kando ya masale hakijaenda mbali na macho ya jirani.

Tuseme vilivyotupwa ni springi ya gari na koki ya maji iliyofunikwa na uchafu. Mwenyewe huviita kwa jina moja, vyuma chakavu, na jina hilo hufuta mengine yote, kwa kuwa mizani ya mnunuzi haiulizi kazi ya kitu, huuliza kilo. Mjuzi huvirudishia majina yake. Koki huigusisha sumaku. Isiponasa, huikwangua hata umanjano wa shaba ukaonekana. Kipande cha springi hukipasha moto kikawa chekundu, akakizamisha majini, kisha akakijaribu kwa tupa: chuma laini hulika, cha springi huikataa. (Lugha yetu nayo ina utani wake, kukiita tupa kifaa kinachotuonya tusitupe.)

Wahunzi wa Mamba, jirani na Marangu, wazee wao walipata chuma kutoka Ugweno, katika milima ya Upare. Siku hizi hufua visu, mikuki na kengele kwa vyuma chakavu. Aliyeitupa springi ana haki gani juu ya kisu? Naona hana. Thamani ya kisu imezaliwa katika mivukuto na jasho la mhunzi.

Ama koki ni shauri jingine. Haikuongezewa kitu, ilikuwa shaba tangu saa ile ilipotupwa. Wapo watakaosema kutambua nako ni kazi, tena ya miaka mingi. Nakubali, na kwa hiyo anayeokota kimya sioni kuwa amedhulumu. Bali akibisha hodi akasema, "Jirani, naomba hivyo vyuma chakavu vyako," hali ajua kuwa ni shaba, huyo amedanganya. Ni kama mtu aombaye mlango wa nakshi kwenye gofu la nyumba huku kwetu visiwani, akauita mbao kuukuu.

Ajabu ni kwamba adabu ya kuomba ndiyo iliyomtia hatiani, na asiyebisha hodi ameokoka. Sababu yake ni hii: mwokotaji amekuta jirani hajui, akapita. Mwombaji amemtaka jirani atamke "chukua," kisha akamchagulia jina la kile anachokitoa. Ruhusa aliyopewa ni ya vyuma chakavu, si ya shaba.

Akisema kweli, jirani huenda akaitazama ile koki upya, akaifuta kwa kanga, akairudisha ndani, na mjuzi akapita penye masale mikono mitupu.