Kutoa Bila Kutoboa

Somo: 1 Wafalme 17:8–16, Marko 12:38–44, 2 Wakorintho 8:10–15



Mwezi uliopita mzee mmoja wa kanisa alinikuta nikitoka karakana, vumbi la mbao limenijaa kutoka nywele hadi viatu. Akacheka. "Pasta, umeacha madhabahu umekuwa seremala?" Nikamjibu kwamba hata Bwana wetu alianzia huko. Tukacheka wote wawili. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimetoka kuharibu ubao mzuri wa mahogani, na kwenye matatu nikirudi nyumbani sikuwa nauwaza ubao. Nilikuwa namuwaza dada mmoja wa kanisa letu. Nitaeleza.

Mnajua sahani zetu za mkate wa Meza ya Bwana zimechoka. Kijana mmoja wa idara ya vijana ana karakana yenye mashine ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Ndiyo hiyo huchonga maua kwenye milango mnayoiona ikiuzwa kando ya barabara. Akasema, "Leteni mbao tu, kazi ni yangu." Mimi nikaomba kitu kimoja: nifundishwe kuchora sahani mwenyewe kwenye programu. Katika Kutoka 31 Mungu anamjaza Bezaleli Roho wake kwa ajili ya kazi za ustadi, hata kuchonga mbao. Nikajiambia, mtu aliyesomea biashara, anayeshinda kwenye majedwali ya hesabu, hawezi kushindwa na sahani.

Nikashindwa. Programu tuliyotumia, Aspire, haijui sahani ni nini. Inajua kimo peke yake. Kila nukta ya ubao ina namba moja, kwamba iko juu kiasi gani, basi. Ukichora mviringo na kuiambia iufanye umbo, mviringo unainuka kama chapati iliyofura. Nilitaka bakuli, nikapata kilima. Nikabadilisha pembe, kilima. Nikaongeza namba, kilima kikubwa zaidi. Nusu saa nzima. Yule kijana akanitazama, akatabasamu, akasema, "Pasta, hujaiambia itoe."

Kumbe kila umbo jipya huulizwa litakutana vipi na lililo chini yake. Likiachwa hivi hivi, linaongezwa. Ukichagua kutoa, kilima kilekile kinageuka kuwa shimo. Umbo lenyewe halijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni jinsi linavyokutana na ubao. Lakini kuna masharti. Kwanza lazima uweke kitu cha kutolewa, umbo tambarare lenye unene wake, la sivyo unatoa kwenye hewa. Mpangilio nao unahesabika. Mimi nilichora jani la mzabibu, kisha nikatoa shimo baadaye, na shimo likalimeza jani. Halafu kuna kisanduku cha kikomo. Unaandika kwamba umbo lisipite milimita fulani, na kilele cha kilima kinakatwa kikawa tambarare. Kwenye sahani, kilele hicho kilichokatwa ndicho kitako.

Nilirudi nyumbani na neno moja kichwani: kutoa. Katika Kiswahili chetu neno ni hilo hilo. Mtoto shuleni anafundishwa kutoa: kumi toa tatu, saba. Na Jumapili tunasimama hapa mbele tunasema, wapendwa, ni wakati wa kutoa. Kupunguza na kupeana, neno moja. Nikaona mahubiri yamejileta yenyewe. Sahani inafaa kwa sababu ya kile kilichotolewa. Ubao usiotolewa kitu haubebi mkate. Katika Wafilipi 2 Paulo anatuonyesha Kristo akijiachilia utukufu wake na kushuka. Nilikuwa na pointi tatu na hitimisho. Namshukuru Mungu sikuyahubiri Jumapili ile, kwa maana yalikuwa nusu ya ukweli.

Nusu ya pili niliipata siku ya kuchonga. Ubao ulikuwa wa inchi moja na nusu, yaani milimita 38. Nikaweka kina cha sahani milimita 32, kitako kibaki milimita 6. Hesabu safi. Kijana akaniuliza, "Pasta, tumeupima huu ubao?" Nikamwambia imeandikwa kwenye risiti. Alinitazama kidogo, lakini mimi ni pasta wake. Akanyamaza, akawasha.

Mashine hizi hufanya kazi kwa awamu. Biti ya kwanza inaparua haraka na kuacha ngozi nyembamba kila mahali, kwetu milimita 1. Biti ya pili, yenye ncha ya mviringo, inarudi polepole, mstari baada ya mstari, kulainisha. Awamu ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ilipofika katikati nikasikia sauti ikibadilika. Mwanga ulipita kwenye sahani. Biti ilikuwa imemaliza mahogani na sasa ilikuwa inachonga ubao wa chini, ule unaokaa juu ya meza ya mashine. Vijana wetu wakisema mtu ametoboa wanamaanisha amefanikiwa maishani. Mimi nilitoboa kweli kweli.

Tulipochukua tepu na kupima, ubao ulikuwa milimita 31 na nusu. Ulinunuliwa ukiwa 38, ndiyo. Lakini ulikuwa umepinda, na fundi mwingine alikuwa ameupiga randa pande zote mbili hadi ukanyooka. Risiti haikudanganya. Ilisema tu unene wa siku ya kununua.

Na mashine? Mashine haikukosea hata nukta. Tangu zile za kwanza zilipoonyeshwa katika chuo cha MIT kule Marekani mwaka 1952, kazi yao ni moja, kutii namba. Ukiiambia ishuke 32, itashuka 32, iwe kuna mbao au hakuna. Haiulizi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule dada. Amenipa ruhusa kusimulia bila jina.

Mwaka jana tulipoanza mchango wa jengo, mchungaji mkuu alinikabidhi mpango, kwa sababu ya masomo yangu. Nikafanya kama nilivyofundishwa chuoni. Nikachukua lengo, nikagawa washirika kwa vikundi: wenye biashara kiasi hiki, walioajiriwa kiasi hiki, vijana kiasi hiki. Walioajiriwa niliwaandikia shilingi 20,000 kwa miezi minne. Fomu zikachapishwa na kiasi kikiwa tayari kimeandikwa, kazi ya mshirika ni kutia sahihi. Nilijivunia zile fomu. Ahadi zilitimia kwa kiwango ambacho hatukuwa tumeona.

Dada huyu ameajiriwa. Alitia sahihi, na alimaliza ahadi yake. Miezi kadhaa baadaye nilikwenda kumtembelea kwa sababu hakuwa anaonekana kwenye ibada. Nikakuta nyumba imepungua vitu. Alikuwa amekopa kwenye simu ili amalize ahadi, kisha akakopa mahali pengine ili alipe ule wa kwanza. Mshahara wake kwenye karatasi ni ule niliokadiria. Lakini karo, kodi, na mama yake mgonjwa kijijini vilikuwa vimeshapita juu yake kama randa, pande zote mbili. Mimi nilisoma risiti.

Nikaanza kujitetea. Nikamwambia, dada, lakini hatukukulazimisha. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma: "Hamkunilazimisha, Pasta. Lakini pia hamkuniuliza."

Sasa wapendwa, hapa kuna swali zito ambalo hatuwezi kulikwepa kwa kupiga makofi. Je, kutoa kuna kikomo? Na kama kipo, ni nani mwenye haki ya kukiweka?

Najua jibu la haraka. Mtu ataniambia, Pasta, na yule mjane wa Marko 12 aliyetoa senti zake mbili, vyote alivyokuwa navyo? Nimemsoma tena polepole. Hakuna aliyempangia senti mbili. Yesu ameketi mbali kidogo, anatazama, hakumwomba chochote. Kina cha sadaka ile aliamua mwenyewe, na Bwana akakiheshimu. Lakini soma mistari iliyo kabla yake. Punde tu Yesu amewakemea walimu wa sheria wanaopenda heshima na viti vya mbele huku wakila nyumba za wajane. Hizo habari mbili zimekaa jirani katika sura moja. Sisi wahubiri tumekuwa tukiisoma ya pili na kuiruka ya kwanza.

Mwingine ataniambia, na mjane wa Sarepta? Eliya alimwomba waziwazi, na alikuwa amebaki na konzi ya unga. Kweli, alimwomba. Lakini ona kilichofuata. Eliya hakuchukua mkate akaondoka. Alikaa, akala kutoka chungu kilekile, yeye na mama na nyumba yake, siku nyingi. Kama chungu kingeisha, kingeisha kwa wote. Mtumishi anayemwambia mtu ashuke hadi chini lazima awe tayari kukaa naye huko chini. Mimi nilichapisha fomu nikaenda zangu.

Ndiyo maana nasema kutoa kwa aina mbili kunafanana kwenye karatasi lakini si kitu kimoja. Mtu anaweza kujitoa mwenyewe kwa kina anachotaka, akijua unene wake, kama Kristo alivyofanya bila kusukumwa. Huo ni upendo. Lakini mtu mwingine akishika namba na kuiandika juu ya maisha yako bila kukupima, hata akiwa na nia njema, hata kama ni kwa ajili ya nyumba ya Mungu, huyo ni mashine tu inayotii namba. Shimo lenye kitako ni chombo, linabeba mkate. Shimo lisilo na kitako ni tundu, na kila unachoweka kinapita.

Sitaki mtu atoke hapa akisema Pasta amefundisha Mungu apewe mabaki. Hapana. Tazama hata fungu la kumi: lenyewe ni kipimo kinachofuata unene wa ubao. Mwenye ubao mwembamba anatoa kidogo, mwenye mnene anatoa kingi, na wote wawili wametoa kumi. Paulo akiwaandikia Wakorintho anasema sadaka hupokelewa kulingana na alicho nacho mtu, si kulingana na asicho nacho. Tena anaongeza kwamba hakusudii wengine wapate raha na wao walemewe. Mimi ndiye niliyeacha kipimo hicho cha Biblia nikaweka kina kimoja kwa wote. Nikakiita imani.

Baada ya sahani ile kutoboka, kijana alinionyesha njia nyingine. Siku ile mashine ilikuwa inahesabu kutoka uso wa ubao kwenda chini. Unaweza kuiambia ihesabu kutoka meza kwenda juu. Yaani unaanza na kile kinachobaki: milimita 6 za kitako ziko palepale juu ya meza, hazigusiki, na ubao ukiwa mwembamba, sahani inakuwa na kina kifupi. Bado ni sahani. Bado inabeba mkate. Tulichonga ya pili kwa njia hiyo, na ndiyo mtakayoiona mezani Jumapili hii. Haina kina kirefu kama nilivyotaka.

Nilikwenda kwa mchungaji mkuu nikamweleza yote, sahani na dada. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaita baraza la wazee. Kanisa limelipa salio la mkopo wake. Yeye alikataa mara mbili, akakubali mara ya tatu. Sisemi tumemaliza deni letu kwake. Vitu vya nyumba vilivyouzwa havijarudi, na uaminifu unarudi polepole kuliko vitu.

Fomu za ahadi za awamu ya pili hazina kiasi kilichochapishwa. Kuna nafasi tupu, na juu yake sentensi moja ya kuuliza: baada ya chakula, kodi na karo, umepima ukaona unaweza kiasi gani? Ukiandika sifuri, utapokelewa mlangoni kwa mkono uleule. Ukiona mtu anakopa ili atoe, mwambie aje ofisini kabla hajakopa, si baadaye. Na kama kuna mwingine aliyeumizwa na zile fomu za mwaka jana, nakuomba msamaha hapa kwa maandishi, na ninakuomba uje. Safari hii nitauliza kwanza.

Bwana, tufundishe kutoa. Na sisi tulioshika namba za wengine, utufundishe kupima. Amina.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii: Ni wapi maishani mwako umewahi kumwekea mtu mwingine kina bila kumpima, iwe mtoto, mfanyakazi, au mke na mume? Na ni nani wa kumuuliza leo?