KINYWA NI AMANA

Ndugu zetu Waislamu, kinywa tusomeacho Kurani ni amana, na Mtume wetu (S.A.W.) alituhimiza tukisafishe kwa mswaki. Nasi twakifanyia nini? Twakijaza tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, kisha twasema ndiyo ada ya wazee wetu! Ada si dini. Mwaka 2003 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa popoo, hata bila ya tumbaku, huleta saratani.

Dalili zake huanza kimya: baka jeupe au jekundu, kidonda kisichopona kwa wiki 2, kinywa kuwa kizito kufunguka. Lakini wakija madaktari mtaani kutazama vinywa, wengi wetu hujificha, huyu kwa haya, yule kwa kusema, "Mungu ndiye mponyaji." Naam, ndiye. Lakini Mtume alimwamuru mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo ategemee. Kutazamwa ni dakika chache, wala hakuumi. Mwanamke na atazamwe na mwanamke mwenziwe. Asipopatikana, dharura ina hukumu yake.

Basi tutupe popoo, na tufungue vinywa vyetu mapema, kabla havijafungwa na maradhi. Wabillahi taufiki.