Nauli Yangu Imepanda Nini?

Mwezi wa Agosti 2023, nikisubiri kuja Dar es Salaam kuanza masomo ya chuo kikuu, nilikuwa mbeba begi la kamera la mjomba wangu. Mjomba ni mpiga picha wa kujitegemea mjini Palma, kaskazini kabisa mwa pwani ya Cabo Delgado. Hana studio wala mwajiri. Ana Canon moja ya mtumba, simu, na daftari anamoandikia wateja hesabu zao. Kila hesabu ina mistari miwili: wa kwanza "kazi", wa pili "nauli". Insha hii inahusu mstari wa pili.

Safari ninayoikumbuka ilikuwa ya Kionga, kijiji kilicho kati ya Palma na mpaka wa mto Ruvuma. Wareno huandika Quionga. Kulikuwa na harusi. Mama wa bibi harusi alikuwa ameelewana na mjomba kwa simu: metikali 3,000 za kazi, baada ya kuvutana karibu nusu saa, na metikali 600 za pikipiki kwenda na kurudi. Siku mbili kabla ya harusi, shirika moja la misaada likampigia mjomba likitaka picha za kisima kilichochimbwa hapo hapo Kionga. Shirika lilikuwa na viwango vyake. Lililipa kazi, na likalipa nauli kamili ya kwenda na kurudi. Mjomba akakubali. Tulikwenda alfajiri kwa pikipiki moja, mshikaki, tukapiga picha za kisima kabla jua halijawa kali, kisha tukashinda harusini mpaka alasiri. Wakati wa kurudi, watu wa shirika wakatupakia katika gari lao.

Mama wa bibi harusi alikuja kutuaga na pilau aliyotufungia. Akalitazama lile gari, akamtazama mjomba, akauliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, na nauli yangu mimi imepanda nini?"

Mjomba alicheka. Dereva naye alicheka. Yule mama hakucheka, wala hakukasirika; alikuwa anauliza. Mimi niliyebeba begi sikuwa na jibu, na nimekaa na swali hilo kwa muda mrefu kuliko maswali mengi niliyoulizwa darasani.

Nianze na upande wa mjomba, kwa sababu si mwizi. Usiku ule nilimuuliza, akanijibu kwamba mimi nadhani nauli ni bei ya petroli. Nauli, alisema, ni bei ya njia, na njia yetu ina tabia zake. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia, mtu wa kwetu hawezi kusema "kesho nakwenda mahali fulani" kama wanavyosema watu wa kwingine. Kuna siku anatoka, anafika kwenye kizuizi, askari wanamrudisha. Mwenye pikipiki anataka pesa yake, mteja hajapata picha, kwa hiyo halipi. Nani analipa siku hiyo? Na tarehe 24 Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, mjomba alitoka mjini kwa miguu, lenzi moja mfukoni, vifaa vingine vyote vikabaki nyuma. "Ile nauli," aliniuliza, "nimuandikie nani?" Kwa maneno yake, siku zilizojaa hulipia siku tupu. Asipofanya hivyo, atarudi kuvua samaki, na watu wa Kionga wataoa bila picha.

Hoja hiyo si ya mzaha, na ina wakubwa wanaoiunga mkono. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alipojadili bei ya haki, alikubali kwamba mtu anayehamisha kitu kutoka mahali hadi mahali anaweza kukiuza ghali zaidi kwa sababu ya hatari aliyojitia njiani. Mjomba hajamsoma, lakini wangeelewana. Hata hivyo, mwandishi huyo huyo aliweka sharti ambalo linanifanya nisite. Muuzaji anaweza kudai fidia ya hasara anayoipata kwa kuachana na kitu chake. Lakini kama hasara hakuna, na ni mnunuzi tu anayefaidika sana, muuzaji hana haki ya kupandisha bei kwa sababu hiyo, maana atakuwa anauza kisicho chake. Tupime. Safari ya kwenda ilikuwa imelipwa na shirika. Ya kurudi hatukulipa kitu. Katika metikali 600 za yule mama, hasara ya mjomba ilikuwa wapi?

Atajibu: ilikuwa katika siku nyingine. Na hapa ndipo ninapoanza kuachana naye taratibu. Kama 600 zile ni mchango wa siku mbaya, basi si nauli. Ni akiba ya tahadhari, na yule mama amechangishwa bila kuambiwa kuna mchango. Pengine angekubali. Watu wa kwetu wanachangiana katika mazishi, katika harusi, katika kununua injini ya mashua. Lakini mchango huombwa kwa jina lake.

Wapo watakaosema kwamba kila mteja alikubali kiasi chake kwa hiari. Mama alikuwa tayari kulipa 600, shirika lilikuwa tayari kulipa kiwango chake, na kama wasingejuana kila mmoja angeondoka ameridhika. Ni kweli. Tena mjomba hakusema uongo, alinyamaza tu. Cicero ana mfano maarufu wa mfanyabiashara anayetoka Alexandria na nafaka kwenda Rhodes wakati wa njaa, naye anajua kwamba nyuma yake zinakuja merikebu nyingine zimejaa. Je, awaambie wanunuzi, au anyamaze auze ghali? Cicero mwenyewe aliona kwamba hapaswi kuwaficha. Aquinas baadaye aliona kwamba haki haimlazimishi kusema, ingawa akisema atakuwa mwema zaidi. Lakini mfanyabiashara wa Rhodes alinyamaza kuhusu merikebu za watu wengine. Mjomba alinyamaza kuhusu pikipiki aliyoipanda yeye mwenyewe. Hilo naliona jambo tofauti.

Tena kuna kitu ambacho vitabu havikunifundisha, nimekijua kwa kusimama kando ya simu. Kwenye "kazi", yule mama alivutana nusu saa. Alianza na 1,500. Alitaja undugu, alitaja bei ya mchele, alimtaja mpiga picha wa Mocímboa ambaye sidhani kama yupo. Lilipofika neno "nauli", alisema "haya" mara moja. Kwa nini? Kwa sababu nauli haivutwi. Ukipanda chapa, hushindani na kondakta kama unavyoshindana na muuza kanga. Nauli inajulikana, ni pesa inayopita mikononi mwa mtu kwenda kwa mtu mwingine, na kumbishia aliyeitaja ni kumwambia kwamba ni mwongo. Kwa hiyo mtu akiweka faida yake ndani ya neno "nauli", ameiweka mahali ambapo heshima ya mteja inamzuia kuigusa. Kosa, nadhani, liko hapo, kuliko katika zile metikali 600. Angeongeza 600 hizo kwenye kazi, mama angekuwa na nafasi ya kupigana nazo, na pengine angeshinda.

Kuhusu shirika sitasema mengi. Mjomba anasema halihisi. Mimi nasema kutohisi kwa anayelipa si kipimo cha haki. Lakini nakiri kwamba moyo wangu hauumii kwa shirika kama unavyoumia kwa yule mama, na sijui kama huo ni udhaifu wa moyo au wa hoja.

Unaumia kwa sababu nyingine pia. Yule mama alikuwa mkazi wa Palma mwaka 2021. Picha za harusi yake mwenyewe zilibaki ndani ya nyumba, na aliporudi nyumba haikuwa na paa wala sanduku. Alitaka binti yake awe na kitu cha kuonyesha. Halafu kuna ile hatari ya njia, ambayo mjomba anaitoza. Yule mama anapita njia hiyo hiyo kila wiki akipeleka nazi sokoni, na hofu yake hailipwi na mtu. Je, ni haki mtu amlipe mwenziwe kwa hofu ambayo yeye anaibeba bure? Nimeigeuza fikra hii mara nyingi. Jibu langu la sasa ni kwamba inaweza kuwa haki, kama vile mkwezi anavyolipwa kwa kupanda mnazi mrefu hata kama mwenye shamba naye alikuwa mkwezi zamani. Lakini basi hofu iwe na mstari wake, na mteja awe na haki ya kuukataa.

Ningependa kuandika haya nikiwa msafi, lakini sivyo. Mwaka jana, wakati wa mahafali, nilipiga picha za wahitimu wawili wanaokaa hosteli moja. Kila mmoja nilimtoza bajaji ya kwenda na kurudi. Nilipanda bajaji moja. Nilijiambia kwamba wangeweza kuulizana. Hawakuulizana, na mmoja wao bado hunisalimia kwa furaha tukikutana maktaba.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani. Mjomba sasa anaandika mstari mmoja tu: "Kionga", kisha kiasi. Hakuniambia kwa nini, na sikumuuliza. Yule mama alikuwa amempata mjukuu, na alitaka picha za akika. Mjomba alimtajia 3,800. Niliisikia sauti yake kwenye simu: kwanza aliuliza safari hii anakuja na nani, kwa chombo gani, na kama kuna kisima kingine kimechimbwa. Kisha akaanza na 2,000. Walimaliza kwenye 3,300, mjomba akakata simu, akaniambia kwamba mama yule ana roho ngumu, kisha akatoka kwenda kutafuta pikipiki.