Mgeni Nisiyemwona

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huu huchukulia kwamba mgeni na mwenyeji wanatazamana. Lakini je, mtu aweza kuwa mwenyeji wa mgeni asiyemwona? Swali hili sikulijua mpaka nilipopandishwa cheo.

Kwa miaka mingi nilikuwa meneja wa mgahawa mjini Kilosa, si mbali na stesheni ya Reli ya Kati. Kazi ile niliifanya kwa macho. Nilimjua apendaye ukoko na apendaye mchuzi mwingi. Nilimjua mwenye fedha na mwenye kujifanya anazo. Mto Mkondoa ulipofurika Desemba 2009 na Januari 2010, nyumba zikabomoka na reli ikakatika, walitujia watu wenye matope hadi magotini na watoto mgongoni. Hakuna aliyeuliza kanuni inasemaje. Tulichemsha uji, tukagawa. Wala sikuona kwamba nimetenda wema. Nilikuwa nimeona watoto wenye njaa, basi.

Baadaye nilichukuliwa na nyumba moja ya wageni huko Mikumi kuwa msimamizi wa shughuli zote: vyumba, jiko, ufuaji, stoo, ulinzi na magari. Mikumi imo katika wilaya ile ile ya Kilosa, lakini nilijihisi nimehamia nchi nyingine. Nilikuwa nimetoka ukumbini nikaingia ofisini. Badala ya sura za watu nikapewa madaftari: vitanda vilivyolaliwa, kilo za mchele, lita za dizeli. Mgeni aligeuka kuwa tarakimu, nami nakiri kwamba nilipendezwa. Tarakimu hailalamiki kwamba chai imepoa.

Moja ya kanuni zangu za kwanza ilihusu jiko. Niligundua kwamba mpishi mkuu, mama mtu mzima, aliamka saa kumi alfajiri kila siku, na mara nyingi wasafiri wa barabara kuu walimkalisha hadi usiku wa manane. Nikaandika: jiko lifungwe saa nne usiku. Niliandika kwa nia njema, na hadi leo naamini ilikuwa haki yake.

Asubuhi moja nikasoma katika daftari la mlinzi: "Saa sita usiku. Wageni wanne, basi limewaharibikia, mmoja ana mtoto mchanga. Wameomba chakula. Jiko limefungwa. Wameondoka."

Nilimwita. Kijana aliniamkia kwa adabu, nami nikamuuliza kwa nini hakuwasaidia. Akanijibu, "Mzee, karatasi ya mlangoni ni ya kwako. Mimi niliwasomea tu."

Nilikosa la kusema. Ni nani aliyewafukuza watu wale? Mlinzi alitii. Mpishi alilala usingizi aliostahili. Mimi nilikuwa kitandani kwangu. Hakuna kati yetu aliyekusudia ubaya, na bado mama mwenye mtoto mchanga alirudi barabarani na njaa yake.

Kwa muda niliona kwamba kosa ni umbali wenyewe, na nikatamani kurudi Kilosa kwenye meza zangu. Kisha nikayafikiria matuta. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kiasi cha kilomita 50. Humo mna matuta, vibao vya mwendo, na faini kwa anayegonga mnyama. Madereva hunung'unika. Aliyeamua matuta yawekwe hatamwona kamwe swala aliyevuka salama usiku wa jana. Huo nao ni wema, tena huenda ni mkubwa kuliko uji wangu wa Kilosa, kwa kuwa hautegemei moyo wa mtu umeamkaje siku hiyo. Umbali, basi, si dhambi. Kanuni hufika ambako mkono haufiki.

Tofauti ni hii: tuta laweza kuwa kipofu, kwa sababu kazi yake ni moja kwa magari yote. Mlango wa nyumba ya wageni hauwezi. Hapo lazima awepo mtu anayeona, na mwenye ruhusa ya kutenda kwa alichokiona. Mlinzi wangu aliona. Alimwandika hata mtoto mchanga, jambo ambalo daftari halikumdai. Macho alikuwa nayo. Mimi ndiye niliyemfunga mikono.

Kanuni sikuifuta. Jiko hufungwa saa nne, mama apumzike. Lakini chupa ya chai, mikate na mayai ya kuchemsha huachwa kwa mlinzi, na chini ya karatasi nimeongeza maneno mawili: mlinzi ataamua. Kuna siku vitu hivyo huisha bila mimi kujua vimeishia tumboni mwa nani. Mhasibu ameniuliza kama nina hakika mlinzi hajili mwenyewe. Nimemjibu kwamba sina hakika, na kwamba aiandike gharama hiyo.

Wale wanne sitawajua kamwe. Lakini kila ninapoketi kuandika agizo jipya, ndugu msomaji, huwaweka mbele ya meza yangu, yule mama na mtoto wake wakiwa wa kwanza, nikawasomea kwa sauti kabla sijatia sahihi.