Orodha ya Vijana na Mambo ya Ghaibu



Ametuandikia mzazi mmoja wa Musoma, mji ulio kando ya Ziwa Viktoria katika mkoa wa Mara, mbali na pwani yetu. Mwanawe, kijana wa miaka 16, hucheza mpira wa kikapu shuleni. Walipokusanywa vijana wa Musoma, Bunda na Butiama ili ichaguliwe timu ya mkoa ya UMISSETA, jina la mwanawe halikusomwa. La mwenziwe wa Bunda lilisomwa mwanzo, na watu wakasema huyo ndiye atakayekwenda Marekani kucheza kwa mshahara. Tangu siku ile mtoto hali chakula vizuri, na mamake anasema bora aache mpira arudi chuoni. Mzazi anauliza: je, orodha ile inajua kweli nani atafaulu?

Swali hili si la mchezo tu. Huko Marekani wako watu ambao kazi yao ni kuwapanga vijana wa sekondari kwa nambari, wa kwanza hata wa mia, kabla hawajaota ndevu. Nasi kwa miaka mingi tulizoea kutangaziwa wanafunzi kumi bora, hata Baraza la Mitihani likaacha desturi hiyo Januari 2023.

Tusiseme kuwa orodha ni uongo mtupu, maana hiyo haitakuwa insafu. LeBron James alihesabiwa wa kwanza akiwa sekondari, akachukuliwa wa kwanza na timu za kulipwa mwaka 2003, na alichofanya baadaye dunia imekiona. Aghlabu walio juu huwapita walio chini. Lakini hapa pana jambo la kutazama. Aliyeandikwa juu hupewa viatu vizuri, mwalimu hodari na muda mwingi wa kucheza, na akikosea husamehewa. Asiyeandikwa hurudi nyumbani kuteka maji. Baada ya miaka mitano wale waandishi wa orodha hujisifu, "Si tulisema!" Waliona nini hasa: kipaji cha mtoto, au malezi waliyompa wao wenyewe?

Tena hata kwa malezi hayo hukosea. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, ndiye Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani. Kimo chake ni kama mita 2.2. Mwaka 2009, akitoka Chuo Kikuu cha Connecticut, timu ya Memphis ilimchukua akiwa wa pili kati ya vijana wote wa mwaka ule. Wa saba alikuwa Stephen Curry, kijana mwembamba ambaye alipomaliza sekondari vyuo vyenye majina makubwa katika mchezo huo havikumtaka. Msimu wa kwanza haujaisha, Thabeet akapelekwa ligi ndogo akajifunze. Kisha akapita timu kadhaa, na ilipofika 2014 safari yake ya NBA ikawa imekwisha. Curry amechukua ubingwa mara 4. Simtaji Thabeet kwa kumcheka, kwani aliyetoka Dar es Salaam akafika pale si mtu wa kuchekwa. Kama lawama ipo, ni ya waliompima. Jicho liliona kimo, na kimo ni chepesi kupimwa. Nambari ile ya pili hakujipa mwenyewe, lakini ndiyo anayosutwa nayo hadi leo.

Upungufu mwingine wa orodha ni kuwa haimwoni ambaye hajafika. Lau mwaka 1933 mtu angeandika pale Musoma majina ya wanafunzi wenye matumaini, la Julius Nyerere lisingekuwamo hata mkiani, kwa kuwa alikuwa kwao Butiama akichunga mbuzi wa baba yake. Aliingia shule ya Mwisenge mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Miaka 20 baadaye alikuwa Rais wa TANU.

Na dini yetu je? Haikukataza kuchagua. Siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliwakagua waliotoka naye akawarudisha wadogo. Rafi bin Khadij aliruhusiwa kwa kuwa hodari wa mishale. Samura bin Jundub, aliyekuwa amerudishwa, akalalama kuwa yeye humwangusha Rafi kwa mieleka. Basi wakashindanishwa mbele ya watu, Samura akamwangusha, naye akaruhusiwa. Abdallah bin Umar (R.A.) alirudishwa siku ile, ana miaka 14, siku ya Khandaq, ana 15, akakubaliwa, na baadaye akawa miongoni mwa wanavyuoni wakubwa wa Masahaba. Kukataliwa kule kulikuwa kwa siku ile, kwa sababu iliyojulikana, na aliyekuwa na hoja alisikilizwa.

Mwalimu wa michezo akisema, "Leo hujaweza," ametoa ushahidi, na pengine amesema kweli. Akisema, "Huyu hatakuwa kitu," ameingia katika ghaibu, na ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Hata wale waliompeleka Marekani kijana wa Bunda kwa midomo yao wameingia humo humo, ingawa kwa nia nzuri.

Basi ndugu yetu wa Musoma, usimwambie mwanao kuwa ameonewa, maana huenda hakuonewa. Wala usimwahidi makubwa. Mamake mwambie chuoni mtoto atarudi, insha-Allah, na uwanjani pia. Tangu lini chuo na mpira vikawa wake wenza? Kisha nenda kwa mwalimu, kwa adabu, umuulize mambo mawili: mwanangu alipungukiwa nini, na siku ya kutazamwa tena ni lini. Jibu la kwanza likipatikana, mtoto ana kazi ya kufanya. La pili lisipopatikana, hapo lalamika, na ulalamike kwa ajili ya yule wa Bunda pia, asije mwakani akaachwa naye bila kuambiwa kwa nini.