Mwanafunzi Ugenini na Swala ya Msafiri

Mwanafunzi wa Zanzibar au Mombasa anayesoma Ankara ni msafiri au ni mkaazi? Fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo waliyolelewa nayo Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, inamweka katikati. Aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, si msafiri tena: anaswali rakaa nne na Ijumaa inamlazimu. Hata hivyo, kwa kuwa amenuia kurudi kwao masomo yakiisha, hahesabiwi katika wale wakaazi 40 ambao Ijumaa haisihi bila wao. Anabeba wajibu wa mwenyeji na bado ni mgeni. Ndiyo maana safari yake ya wikiendi inahitaji kutazamwa kwa makini, maana anatoka mji usio kwao kwenda mji mwingine usio kwao.

Tuseme yeye na wenzake wanakwenda Istanbul. Ni takriban kilomita 450, mwendo wa zaidi ya saa nne kwa treni ya kasi. Umbali huo hauna mzozo. Washafii wanataka marhala mbili, yaani farsakh 16, ambazo ni zaidi kidogo ya kilomita 80. Wahanafi, walio wengi Uturuki, wanataka mwendo wa siku tatu, unaokadiriwa leo kuwa kama kilomita 90. Wakishayapita majengo ya Ankara, wanaweza kupunguza swala za rakaa nne ziwe mbili. Msingi wake ni aya ya 101 ya Surat An-Nisaa, ambayo imetaja hofu ya makafiri. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Umar bin al-Khattab alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya kupunguza swala ilhali watu wamekwisha kuwa katika amani. Akajibiwa kuwa hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu kwa waja wake, basi waipokee. Kwa hiyo ruhusa hii haikufungwa na taabu. Aliyeketi kwenye kiti laini cha treni anayo sawasawa na aliyevuka jangwa juu ya ngamia.

Ugumu uko katika makusudio. Washafii wanashurutisha kwamba safari iwe ya halali na iwe na lengo linaloeleweka. Anayezurura asijue aendako hapunguzi. Je, matembezi ya kujifurahisha na marafiki? Wanazuoni wa madhehebu wamelipambanua jambo hili kwa undani wa kustaajabisha: kwenda kuiburudisha nafsi ni lengo sahihi, lakini kusafiri kwa ajili ya kuiona miji tu, kwa kauli yenye nguvu zaidi, si lengo la kuhalalisha kupunguza. Wapo watakaoiona kauli hiyo kuwa kali. Lakini ina haki yake, kwa sababu inamtaka mtu ajue anachokifuata kabla ya kuchukua sadaka ya Mola wake. Aliyechoshwa na mitihani akaenda kupumzika ana lengo. Anayekwenda kumjulia hali ndugu au rafiki ana lengo, tena lenye thawabu. Anayesomea usanifu wa majengo akaenda kuliangalia kuba la Süleymaniye, msikiti wa Mimar Sinan uliokamilika mwaka 1557, naye analo. Anayekwenda ili tu ihesabiwe kwamba Istanbul amefika ndiye anayepaswa kujihoji. Mwenzake wa Kihanafi hasumbuliwi na swali hili: kwa Abu Hanifa rakaa mbili ni wajibu wa kila msafiri, hata lengo la safari likiwa baya.

Tofauti za madhehebu hujitokeza tena njiani. Mshafii anaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Mhanafi hakusanyi ila Arafa na Muzdalifa wakati wa Hija. Mwezi wa Desemba, jua la Istanbul huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na marafiki wasiopanga mapema huishia kungojana au kuachana. Hapa mafundisho ya Mtume, yaliyomo katika Sunan Abu Dawud, kwamba wasafiri watatu wamteue mmoja wao kuwa kiongozi, yanaonekana faida yake: yeye ndiye atakayeipanga ratiba ili kila mmoja aipate swala yake bila kudharauliwa.

Wakiingia msikitini, hukumu hubadilika. Anayemfuata imamu mkaazi hukamilisha rakaa nne, iwe Süleymaniye au Hagia Sophia, jengo la mwaka 537 lililorudishwa kuwa msikiti mwaka 2020. Ruhusa hubaki kwa swala za stesheni na za chumba cha kulala wageni.

Kuondoka Ijumaa nako kuna sharti. Kwa Washafii, ambaye Ijumaa inamlazimu haruhusiwi kuanza safari baada ya alfajiri ya siku hiyo, isipokuwa ataipata swala njiani au atadhurika kwa kuachwa na wenzake. Treni ya mchana baada ya swala ndiyo salama.

Jumapili, akiingia Ankara, safari imekwisha. Swala iliyompita njiani akailipa baada ya kufika, kwa Washafii huilipa rakaa nne.