Ng'ombe Anayechechemea Hafungwi Nira

Sisi ni waumini wa kigango kimoja hapa Sola, mkoani Simiyu. Tulipoombwa kuandika juu ya imani na mwili, tulidhani tutaandika juu ya kufunga, au juu ya wagonjwa tunaowatembelea. Lakini jambo lililotusumbua dhamiri kwa muda mrefu kuliko yote ni goti la kijana mmoja mcheza mpira. Tumeona afadhali tuandike juu ya hilo.

Kwetu msimu wa mpira hufuata pamba. Mvua zikianza mwezi Novemba, kila mwenye nguvu yuko shambani, na uwanja unabaki wa mbuzi. Pamba ikishavunwa na kuuzwa katikati ya mwaka, vijana hupata nafasi, na mashindano ya vijiji huanza. Mshindi hupewa mbuzi, na mwaka ukiwa mzuri hupewa ng'ombe dume. Uwanja wenyewe ni mbuga, ile ardhi nyeusi inayonata kama gundi wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyufa zake zinaweza kumeza kisigino cha mtu.

Miezi hiyo hiyo ndiyo likizo ndefu ya wanachuo wetu. Kijana huyu alikuwa akisoma chuo na kuchezea timu ya chuo. Alirudi nyumbani na goti lililovimba, maana kano ya upande wa ndani ilikuwa imevutika katika mchezo wa mwisho wa muhula. Alirudi pia na karatasi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amemwandikia wiki kadhaa za kutocheza kabisa, na mazoezi ya kila siku: kukaza misuli ya paja akiwa amekaa, kuinua mguu ulionyooka, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa nusu, kisha kukimbia polepole, na mwisho kabisa kugeuka ghafla na kuruka. Kila hatua ilipaswa kungoja ile ya kabla yake ipite bila maumivu wala uvimbe. Kwa mchezaji wa chuo, likizo ni wakati wa mwili kutengenezwa. Kwa bahati mbaya, likizo yake ndiyo msimu wetu.

Tulifika fainali, na dume lilikuwa limefungwa kwenye mwarobaini pembeni ya uwanja, kila mtu akiliona. Hatukumlazimisha kijana. Tulifanya jambo la kawaida tu: tulikwenda kwao. Alikwenda kocha, akaenda mwenyekiti wa vijana, akaenda mjomba wake, na baadhi yetu tunaosoma masomo kanisani tulikwenda pia. Tulimwambia kijiji kinamtegemea. Mmoja alimchua goti kwa maji ya moto na chumvi. Mwingine alileta vidonge vya diklofenaki, akasema maumivu yataisha. Mama yake alikaa kimya, akachambua mchicha. Kijana akasema, "Haya, nitacheza."

Alicheza hadi kipindi cha pili. Aligeuka kumkwepa beki, mguu ukabaki ardhini na mwili ukaenda. Waliokuwa karibu walisikia mlio. Ndani ya goti zipo kano mbili zinazopishana, na wataalamu huziita kano za msalaba. Ile ya mbele ilikuwa imekatika. Tulishinda, tukachinja dume, na mguu mmoja wa nyuma tukaupeleka kwao. Mama yake alipokea nyama kwa mikono miwili, akatushukuru. Shukrani ile ndiyo iliyotunyima usingizi.

Katika jumuiya yetu ndogo ndogo swali lilizuka: je, tulitenda dhambi? Wengine walisema hapana, ajali ni ajali, na hata mzima anaweza kuvunjika. Kijana mwenyewe, alipoulizwa, alituhurumia. Alisema, "Nilitaka mwenyewe kucheza." Tungeweza kuishia hapo, maana mwenye goti ametusamehe.

Lakini tumejiuliza hiari ni kitu gani. Mtu akiwa peke yake na karatasi ya mtaalamu, na goti lake likimweleza ukweli, anaweza kupima. Mtu aliyezungukwa na wakubwa wake sita, dume likiwa limefungwa chini ya mwarobaini, anapima kwa mizani ambayo sisi tumeiwekea jiwe. Neno lilikuwa lake, lakini uzito ulikuwa wetu. Hivyo hatuwezi kulitumia neno lake kujitoa hatiani. Vidonge navyo vilifanya kazi ile ile ndani ya mwili. Havikuponya kano, vilinyamazisha maumivu tu, na maumivu ndiyo yaliyokuwa yakimtetea. Tulimnyang'anya mlinzi wake, kisha tukasema alichagua.

Upande wa pili wa jambo hili nao una nguvu, na hatutaki kuuficha. Mzee mmoja alituuliza kama sasa tutawafundisha watoto kuogopa maumivu. Alitukumbusha habari ya John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, ambaye kila Mtanzania humsikia shuleni. Katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, Akhwari alianguka njiani, akaumia goti na bega. Alifungwa bandeji akaendelea. Alimaliza wa mwisho, kwa saa tatu na dakika 25, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, watu wengi wakiwa wameshaondoka uwanjani. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali namna ile aanze mbio tu, bali azimalize. Mzee akasema: huyo naye alikosea?

Tulilifikiri swali hilo kwa wiki kadhaa. Kilichotusaidia ni kukumbuka kwamba katika mbio zile zile alikuwapo Abebe Bikila wa Ethiopia. Huyu alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 akikimbia bila viatu. Akashinda tena Tokyo mwaka 1964, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Hakuna anayeweza kumwita Bikila mwoga. Hata hivyo Mexico City alianza mbio akiwa na ufa katika mfupa wa mguu, na baada ya kilomita 17 hivi alisimama, akatoka. Mwenzake Mamo Wolde aliendelea, akaleta medali ya dhahabu Ethiopia.

Basi siku moja, barabara moja, Waafrika wawili wa mashariki walioumia. Mmoja alimaliza, mwingine aliacha. Kama ushujaa ungekuwa katika kuvumilia peke yake, Bikila alishindwa. Kama hekima ingekuwa katika kuacha peke yake, Akhwari alikuwa mjinga. Sisi hatuamini lolote kati ya hayo. Tunaona kwamba kila mmoja aliamua juu ya mwili aliopewa yeye autunze. Akhwari hakubebeshwa uamuzi ule na kundi la watu waliotamani nyama, na goti lake lilimruhusu kuishi na kukimbia tena: miaka miwili baadaye, katika michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikuwa wa tano. Bikila alijua kwamba mbio si zake peke yake, na kwamba yupo mwingine wa kuzimaliza. Kosa letu sisi lilikuwa kuichukua habari ya Akhwari, aliyejitoa mwenyewe, na kuigeuza fimbo ya kumchapia mwingine. Sadaka anayoitoa mtu ni sadaka. Anayoitoa mtu kwa goti la jirani yake haistahili jina hilo.

Maandiko hayatuachi bila msaada. Nabii Eliya alipochoka hata akaomba afe, malaika hakumhubiria juu ya uvumilivu. Alimwacha alale, akamwamsha ale, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili, kwa sababu safari iliyobaki ilikuwa kubwa. Mungu aliyempumzisha nabii hakuwa ameghairi kumtuma, bali alikuwa anamtengeneza kwa ajili ya Horebu. Na katika torati hata shamba lilipewa mwaka wake wa saba wa kulala. Sisi wakulima tunalijua jambo hilo kwa mikono yetu. Shamba lisilolazwa hutoa pamba fupi, na mwenye shamba hulalamikia mbegu.

Aliyetufunga midomo kabisa ni babu mmoja ambaye hasomi wala haandiki. Alituuliza: "Nani kati yenu, siku ya kulima, amemfunga nira ng'ombe anayechechemea?" Tulinyamaza. Hapa Usukumani hakuna anayefanya hivyo. Ng'ombe wa plau akiumia kwato, anaachwa zizini, anachunguzwa, anakatiwa majani, na plau inangoja au inaazimwa maksai wa jirani. Hatumwambii ng'ombe kwamba kijiji kinamtegemea. Babu akasema, "Basi mtoto wa mwenzenu mlimfanya chini ya ng'ombe." Hakuna aliyemjibu.

Baada ya hapo tulielewa kwamba kuungama hakutoshi. Mvua zilikaribia, na kijana ndiye aliyekuwa mkono wa kulia wa mama yake. Kano ya namna ile, mtu akipasuliwa, wataalamu hushauri angoje miezi tisa au zaidi kabla ya kurudi uwanjani, na hata asipopasuliwa huhitaji miezi ya mazoezi. Mwezi Novemba, basi, hapakuwa na wa kuliongoza plau kwao. Tulikuwa tumelifikiria goti kama jambo la mpira, kumbe lilikuwa jambo la chakula.

Wazee wetu walijua kulima kwa ujima, na ushindani wa Bagika na Bagalu, ambao leo watu huuona katika ngoma, ulikaa pia shambani. Tukaurudisha ule wa shambani. Wachezaji kumi waliobaki, kocha, mjomba na sisi wasoma masomo tulilima shamba la mama yule na kupanda pamba na mahindi kabla ya kugusa mashamba yetu. Hatulisemi hili tusifiwe. Aliyevunja chungu cha mwenzake hasifiwi kwa kuchota maji.

Wakati sisi tukilima, kijana alikaa barazani akifanya yale ya kwenye karatasi mpya aliyopewa Mwanza. Tulikuwa tukimwona tukipita. Kuinua mguu, kuushusha, kuinua, kuushusha. Kusimama kwa mguu mmoja huku mama yake akihesabu kwa sauti. Hakuna aliyepiga makofi, wala hapakuwa na dume chini ya mwarobaini. Siku nyingine goti lilivimba, akarudi hatua mbili nyuma na kuanza upya. Tulikuwa tumezoea kumsifu mchezaji kwa dakika 90 anazoonekana. Sasa tuliona kwamba sehemu kubwa ya mchezaji hutengenezwa mahali asipoonekana, kama vile Bwana alivyotufundisha kuingia chumbani na kufunga mlango tunaposali. Uvumilivu tuliomdai siku ya fainali ulikuwa rahisi, maana kelele zetu zilimbeba. Huu wa barazani ulikuwa mgumu zaidi, na ndio uliostahili jina hilo.

Timu yetu nayo imebadilika kidogo. Kabla ya msimu, vijana hujaza mchanga katika nyufa za uwanja. Kabla ya kila mazoezi hupasha mwili kwa programu iliyotungwa na wataalamu wa FIFA, inayoitwa 11+: mazoezi 15 ya kukimbia, kukaza misuli na kusimama kwa mizani, kwa dakika 20 hivi. Haihitaji kifaa chochote cha kununua, na imepimwa ikaonekana kupunguza majeraha. Na tumekubaliana jambo moja zaidi: mchezaji akisema anaumwa, hakuna wa kwenda kwao usiku kumbembeleza. Anayetaka kumtembelea aende na kuni au unga.

Mtume Paulo anafundisha kwamba katika mwili mmoja, kiungo kimoja kikiumia, viungo vyote huumia nacho. Tulikuwa tukiyasikia mafundisho hayo kila mwaka na kuyadhani ni faraja. Sasa tunayaona pia kuwa ni kipimo. Siku ile ya fainali kiungo kimoja kiliumia, na viungo vingine vikala nyama. Basi tulikuwa timu, tulikuwa kijiji, lakini mwili hatukuwa.

Kijana amerudi chuoni. Anatembea vizuri, anakimbia polepole kwenye njia iliyonyooka. Kama atacheza tena hatujui, na tumeacha kumuuliza. Akipiga simu tunamuuliza habari za masomo, naye hutuuliza habari za mvua. Ndugu msomaji, kama nawe una kijana wa namna hii katika kijiji chako, au katika kwaya, au katika kazi yako, anayechechemea huku akisema yuko tayari, usiharakishe kumwamini. Mtazame mguu kwanza. Kisha uulize ni nani atakayelima shamba la mama yake.